Siku Kumi za Kumfundisha Mama wa Mchumba Wangu

Nilimtambua kabla hajafika mlangoni. Picha yake ilikuwa kwenye simu yangu. Binti yake alinitumia ili, kwa maneno yake mwenyewe, nisije nikagombania siti na mama yake kwenye treni bila kujua ni nani. Sasa huyo hapo, saa mbili kasoro dakika tano asubuhi, anakatiza uwanja wa kituo chetu cha mafunzo pale Cheyo, mjini Tabora, kwa mwendo wa mtu ambaye hajawahi kuchelewa popote, mkoba wa kompyuta begani, kitambaa cha kufutia vumbi mkononi. Mimi nilikuwa nimepiga magoti chini ya meza natafuta tundu la umeme linalofanya kazi. Nikafikiria, na sioni aibu kusema, kubaki humohumo chini ya meza mpaka kozi iishe.

Orodha ya washiriki nilikuwa nayo tangu Ijumaa. Sikuisoma. Ijumaa na Jumamosi nilikuwa nafanya mazoezi ya kusema "karibuni sana" mbele ya kioo, maana hii ilikuwa kozi yangu ya kwanza kufundisha peke yangu, na furaha ilikuwa imenipanda kichwani kama mtu aliyekunywa soda tatu kwa mkupuo. Maofisa TEHAMA na watunza kumbukumbu, jumla kumi na wawili, wa wilaya za mkoa wetu, siku kumi za kazi, somo moja: kujenga kanzidata. Yaani kuchukua kumbukumbu zilizolundikana kwenye madaftari na kwenye mafaili ya kompyuta yasiyosemezana, kuzigawa kwenye majedwali, halafu kuyafunga majedwali hayo yajuane. Kazi hii naipenda kupita kiasi. Mtu akiniuliza habari ya majedwali kwenye foleni ya benki, anajuta.

Hapa lazima nieleze jambo, vinginevyo yaliyobaki hayataeleweka. Kwetu Unyamwezini, na kwa ndugu zetu Wasukuma, mwanamume na mama wa mke wake hawazoeani. Hawashikani mikono, hawali pamoja, hawatazamani usoni. Wakikutana njiani mmoja anapisha. Wakiwa na la kuambiana, wanampa mtu wa tatu alipeleke, hata kama wamesimama hatua tano tu kutoka mmoja hadi mwingine. Siyo ugomvi, ni heshima, na mwenye kuifanya anaifanya kwa moyo mweupe. Mjini wengi wameacha. Mama huyu hakuacha. Mume wa binti yake mkubwa ana miaka tisa kwenye ukoo na hajawahi kumgusa mkono. Akipiga simu na mama akapokea kwa bahati mbaya, simu inarushwa kwa mtu aliye karibu bila salamu.

Sasa mimi nilikuwa nani kwake? Barua ya posa tulishapeleka nyumbani kwao Bukene miezi minne nyuma. Aliyeipeleka ni baba yangu mdogo, mstaafu wa reli, ndiye mshenga wangu. Jibu lilikuwa "tutawaita". Baba wa mchumba wangu alishafariki, wajomba wapo, lakini neno la mwisho la nyumba ile ni la mama, na mama alikuwa anafikiri. Miezi minne anafikiri. Hawakuita.

Kwa hiyo asubuhi ile nilikuwa na mtihani wangu binafsi. Nikimkwepa kwa heshima ya mkwe, nimejitangaza mkwe kabla sijakubaliwa, na huo ni ufidhuli. Nisipomkwepa, nikamshika mkono na kumkodolea macho, na kesho akakubali, nitakuwa nimemvunjia heshima mama mkwe wangu mbele ya mkoa mzima. Kwa siku kumi zile sikuwa na swali lingine moyoni: ananikubali au hanikubali. Nisipokubaliwa nampoteza yule binti, na nilikuwa nampenda kiasi cha kuwa mjinga, kama ilivyoonekana mara moja.

Nilitoka chini ya meza na vumbi magotini. Akaniangalia usoni, machoni kabisa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwalimu. Kompyuta zenu mnazifuta mara ngapi kwa wiki?"

Akakaa mstari wa mbele, katikati, akaanza kufuta kicharazio. Washiriki walipojitambulisha alisimama akasema anatunza kumbukumbu za wagonjwa wilayani Nzega, nyumbani ni Bukene, na amekuja kujifunza kwa sababu ofisini kwake mgonjwa mmoja ana mafaili manne na kila faili linasema ana umri tofauti. Kicheko. Jina langu alilijua bila shaka, lilikuwa kwenye barua ya mwaliko na kwenye barua ya posa pia. Hakuonyesha dalili yoyote.

Nikagawa kalamu za ubao. Kila mtu nilimpa mkononi. Nilipofika kwake niliiweka mezani, upande wa mbali, nikarudi nyuma hatua moja kama mtu aliyeweka chambo.

"Mwalimu," akasema, "mkononi. Hapa itabingirika."

Nikampa mkononi. Vidole vyake viligusa vyangu na roho yangu ikaenda moja kwa moja mpaka kwenye soli za viatu.

Siku ile nzima nilifundisha upande wa kushoto wa darasa. Walioketi kushoto walielewa vizuri sana ufunguo mkuu ni nini. Niliwaambia kila mstari wa jedwali lazima uwe na namba yake peke yake, isiyofanana na nyingine, kwa sababu majina hayatoshi: Tabora ukiita jina moja la pacha sokoni wanageuka watu kumi. Walioketi kulia walikuwa wanaangalia kisogo changu.

Siku ya pili nikaja na mbinu, na nilijiona mjanja. Jirani yake mama pale mbele alikuwa ofisa wa Urambo, kijana mzaliwa wa Tanga aliyehamishiwa huku mwaka mmoja tu uliopita, mpole, asiyejua mila zetu hata moja. Kila nilipoona kosa kwenye kompyuta ya mama, nilimwinamia yeye.

"Hebu mwambie mama hapo kwenye safu ya tarehe ameweka maneno badala ya tarehe."

Kijana alinitazama, akamtazama mama aliyekuwa nusu mita kutoka kwake. "Mama," akasema taratibu, "mwalimu anasema kwenye safu ya tarehe umeweka maneno badala ya tarehe."

"Nimemsikia," mama akasema. "Mwalimu, mimi siyo kiziwi. Njoo uone mwenyewe."

Nikaja nikaona mwenyewe, mikono nimeifunga nyuma kama mfungwa.

Saa nne ilikuwa chai, na chai yetu Tabora ikiwa nzuri ina michembe ya kuchemsha, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, na karanga. Kula chumba kimoja na mama wa mchumba wako ni jambo ambalo bibi yangu angelisikia angefunga safari kuja kunichapa. Nikachukua sahani yangu nikazunguka nyuma ya jengo, nikakaa kwenye tofali karibu na tangi la maji. Sikumaliza hata mchembe wa pili. Nikasikia viatu kwenye kokoto.

"Mwalimu, unakula peke yako kama mchawi," mama akasema, sahani yake mkononi. "Kuna jambo sijaelewa kuhusu ufunguo wa nje."

Akasimama pale, anatafuna, ananiangalia usoni, ananiuliza habari ya ufunguo wa nje. Nikamweleza. Namba ya mgonjwa inakaa kwenye jedwali la wagonjwa, ndiyo kwake. Ikionekana kwenye jedwali la vipimo, pale iko ugenini, inaonyesha tu kipimo hiki ni cha mgonjwa yupi. Aliuliza maswali matano, yote mazuri. Nakiri kwamba katikati ya swali la tatu nilisahau yeye ni nani nikaanza kuchora kwa kijiti chini kwenye vumbi, na yeye akachuchumaa akachora mshale wake juu ya wangu, akanikosoa, na alikuwa sahihi. Tulipomaliza chai ilikuwa imepoa. Hapo ndipo nikakumbuka nimekula na nani.

Jioni nilimpigia mchumba wangu, anafanya kazi kwenye duka la dawa Mwanza.

"Alikuangalia usoni?"

"Usoni kabisa."

"Na alikula mbele yako?"

"Alisimama akala mbele yangu."

Yeye akasema, "Mh."

Hiyo "mh" niliibeba siku mbili. Nilijua maana yake na yeye alijua. Mama yake anawakwepa wakwe zake. Mimi hakunikwepa hata kidogo. Alinitendea kama ambavyo angemtendea mwalimu yeyote, fundi bomba au mtu wa kuuza vocha, na kwa mama yule hiyo ilikuwa lugha iliyonyooka kuliko barua. Baba mdogo nilipomweleza alisema nisiwe na wasiwasi, yeye alipokwenda Bukene aliongea vizuri sana. Alisema hivyo kwa dakika arobaini.

Lakini mimi ni mtu wa ajabu: moyo umenywea, na bado kila asubuhi nikiwasha projekta nafurahi. Siku ya nne ilikuwa siku niliyoisubiri kuliko zote, maana ndiyo siku ya msafara. Mji wetu ulikua kwa sababu ya misafara ya kwenda na kurudi pwani, na mimi nilikuwa nimetunga zoezi zima juu yake. Niliwaambia kwanza kwamba misafara ile ilibeba pia watu waliofungwa minyororo ya utumwa, na kwamba hao hatutawageuza zoezi. Kisha nikaandika ubaoni: wapagazi, mizigo, vituo.

"Sisi wa pwani tulikuwa wenye mizigo," akasema yule kijana wa Tanga, ambaye kumbe alikuwa na ulimi. "Nyinyi ndio mabega. Jedwali la wapagazi lijazeni wenyewe."

"Bila mabega yetu," akajibu ofisa wa Igunga, dada wa Kisukuma mwenye sauti ya kwaya, "mpaka leo ungekuwa umekaa Tanga na shanga zako umezivaa mwenyewe."

Darasa likavunjika mbavu, na dakika kumi nzima zikaenda kwa utani. Sikuwazuia, mimi mwenyewe nilichangia.

Tatizo la siku hiyo lilikuwa hili. Mpagazi mmoja anabeba mizigo mingi katika maisha yake ya njiani. Mzigo mmoja nao unapita mabega mengi: huyu kaugua Ugogo, yule katoroka, mwingine kapokea. Utaandikaje? Kijana wa Tanga akapendekeza kwenye jedwali la wapagazi tuweke safu ya mzigo wa kwanza, wa pili na wa tatu.

"Na wa nne?"

"Tunaongeza safu."

"Na wa kumi na tano?"

Akakuna kichwa. Nikachora jedwali la tatu katikati ya yale mawili. Halina jina la mtu wala aina ya mzigo. Lina namba ya mpagazi na namba ya mzigo, basi. Nikaeleza. Nikaona nyuso kumi na mbili zimekuwa tupu kama ubao uliofutwa. Nikaeleza tena kwa maneno mengine. Nikaanza kukasirika, na nikikasirika naongea haraka na kumeza maneno, hivyo nikawa sieleweki hata kwangu mwenyewe.

Mama wa Bukene akainua mkono. Alikuwa anafuta kioo cha kompyuta yake kwa mkono wa pili.

"Mwalimu, hilo jedwali la katikati ni mshenga."

Nikageuka nikautazama ubao wangu upya.

"Hawa hawawezi kusemezana wenyewe," akaendelea, akaonyesha wapagazi na mizigo. "Wanampata wa katikati. Yeye anabeba namba ya huku na namba ya kule. Hana habari zake mwenyewe za kuongeza."

Darasa zima likafanya "aaa" kwa pamoja, kumi na moja kwa mpigo. Nilichoshindwa kwa nusu saa yeye alikimaliza kwa sentensi tano. Ningefurahi sana, na kwa kweli nilifurahi, nywele zilinisimama kwa furaha, ila hakuwa amemaliza.

"Wako washenga," akasema kwa sauti ya upole, sasa ananiangalia, "wanafika kwa watu wanaongea mpaka chai inapoa mara tatu. Sijui kanzidata inawavumilia hao."

"Haiwavumilii, mama," nikasema. Masikio yalikuwa yanawaka. Dada wa Igunga alinitazama mimi, akamtazama mama, akanitazama mimi. Nilimwona ameanza kufanya hesabu kichwani.

Wiki ya pili umeme ulikatika siku mbili mfululizo. Nikawatoa nje uwanjani, nikampa kila mmoja kadi: wewe mpagazi namba saba, wewe mzigo wa chumvi, wewe kituo. Nikaleta kamba za katani na kuwaambia wafungane kama majedwali yanavyofungana, kisha mmoja wetu ataita swali na anayehusika atavuta kamba yake. Watu wazima wenye vitambulisho vya kazi shingoni wakaanza kukimbizana juani. Dada wa Igunga aliita, "Nani alibeba nguo akapita Bukene?" na kamba sita zikavutwa kwa wakati mmoja, mtu akaanguka, kofia ikaruka, na mlinzi wa getini akaja kuuliza kama kuna msiba. Nilikuwa nacheka mpaka machozi. Nilipoyapangusa nikaona kwamba mpagazi namba saba alikuwa hajafika siku hiyo, kadi yake nimeishika mimi, na kamba iliyotoka kwenye kiuno changu imeishia mkononi kwa mama, aliyekuwa mzigo wa nguo.

"Vuta, mwalimu," akasema. "Swali limeulizwa."

Nikavuta. Akaja hatua mbili, anacheka. Anacheka kabisa na meno yote. Nilimpenda mama yule palepale, na moyo ukaniuma palepale, kwa sababu mama mkwe hachekeshwi hivyo na mkwe wake.

Mtihani ulikuwa siku ya tisa. Nilikuwa nimeomba daftari la zamani la kikundi cha wafuga nyuki cha huko Sikonge, majina tumeyabadilisha yote, na kazi ilikuwa kulijengea kanzidata: wanachama, mizinga, misitu ilikotundikwa. Sheria ilikuwa moja na niliisema mara tatu. Mfumo unaopoteza kumbukumbu umeshindwa, hata uwe mzuri namna gani.

Kazi ya mama ilikuwa nzuri kuliko zote. Majedwali yamepangwa kama vyombo kabatini. Nilikuwa nakagua huku natikisa kichwa kwa raha. Mwisho nikafanya jaribio nililofanya kwa kila mtu: nikamfuta mwanachama mmoja, kana kwamba amefariki. Halafu nikaenda kuangalia mizinga yake ishirini. Haikuwepo. Ilikuwa imefutika pamoja naye, yote, bila hata ilani. Alikuwa ameuagiza mfumo kwamba mwanachama akiondoka, kila kilichofungwa kwake kiondoke pia. Mama asiyependa vumbi alikuwa ameweka ufagio ndani ya kanzidata.

Nilikaa na kazi ile jioni nzima. Mbili nyingine zilikuwa zimeshindwa, hizo hazikunisumbua. Nilimpigia baba mdogo.

"Mfaulishe," akasema. "Wewe una akili timamu? Unataka kuoa au unataka kufundisha?"

Nilikasirika nikamkatia simu, kisha nikampigia tena kuomba radhi, maana ni baba yangu. Ukweli ni kwamba alikuwa amesema kile nilichokuwa nakifikiria. Hakuna ambaye angejua. Jaribio lile ningeweza kusema sikulifanya. Lakini nilikuwa nikiwaza yule mfuga nyuki wa kwenye karatasi, na mke wake anakwenda ofisini kuulizia mizinga. Nikaandika "arudie".

Asubuhi ya siku ya kumi nilimwita kando, chini ya baraza. Nilitazama saruji.

"Mama, hujafaulu. Unarudia sehemu moja."

"Sehemu gani?"

"Nikimfuta mwanachama, mizinga yake inafutika naye. Akifariki mtu, mjane wake akija kuulizia, kompyuta itamwambia mume wake hakuwahi kuwa na hata mzinga mmoja."

Nilikumbuka, nikiwa nimechelewa, naongea na nani, na kwamba yeye mwenyewe alishazunguka kwenye ofisi na cheti cha kifo cha mume wake mkononi. Nilitamani saruji ipasuke.

"Nilitaka pawe safi," akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Najua, mama."

"Nirudie saa ngapi?"

"Saa nane."

Akaenda. Mchana nilimpigia mchumba wangu nikamwambia. "Umemfelisha mama yangu," akasema. Kisha akaanza kucheka, kicheko cha mtu aliyekata tamaa, na mimi nikacheka naye, kwa sababu sikuwa na la kufanya na tulikuwa wote wawili tumeshaharibu kila kitu. Alisema ananipenda. Nikasema hata mimi. Nikarudi darasani na tumbo tupu.

Saa nane watatu walikaa kurudia, wengine walibaki kuwasubiri ili tupige picha ya pamoja. Kijana wa Tanga alikuwa kwenye kiti chake kilekile, jirani na mama. Mimi nilisimama mbele, kama hatua nne kutoka kwake, najifanya kupanga nyaya. Mama aliandika, akafuta, akaandika, akafanya majaribio yake mwenyewe mara nyingi. Halafu mikono yake ikatulia.

Nilinyanyua macho nikitarajia aniite, kama alivyoniita siku kumi, mwalimu hili, mwalimu lile, njoo uone. Hakuniita. Alivuta mtandio wake mpaka usawa wa nyusi, akakigeuza kiti chake taratibu mpaka akanipa mgongo, akamwambia kijana wa Tanga, "Mwambie mwalimu kazi yangu iko tayari, aikague. Mimi natoka nje mpaka amalize."

Kijana akanitazama. Nilikuwa palepale. "Mama, si huyo hapo?"

"Nimesema mwambie."

Akachukua mkoba wake. Kutoka mstari wa mbele kwenda mlangoni njia fupi ilipita mbele yangu. Hakuipita. Alizunguka darasa zima kwa nyuma, viti vyote, macho chini, akatokea upande wa pili na kutoka.

Dada wa Igunga ndiye aliyeelewa wa kwanza. Aliweka kiganja mdomoni, akaniangalia, halafu akashindwa kujizuia na kupiga kigelegele kimoja kifupi, akajifunika uso kwa daftari. Mimi nilikaa juu ya meza, juu ya nyaya zote.

"Mwalimu," akasema kijana wa Tanga kwa wasiwasi, "mama anasema kazi yake iko tayari, uikague. Kwani mmegombana?"

"Hapana," nikasema. "Hapana, ndugu yangu. Hatujagombana kabisa."

Nikaenda kwenye kompyuta yake. Kicharazio kilikuwa kinang'aa. Nikakosea neno la siri mara mbili. Nikamchagua mwanachama yuleyule, nikaagiza afutwe. Mfumo ukakataa, ukaandika maneno aliyoyatunga mwenyewe: "Haiwezekani. Huyu bado ana mizinga." Nikajaribu kwa njia ya pili, ukakataa. Nikajaribu kwa njia ya tatu, chafu, ambayo sikuwafundisha. Ukakataa.

Nikageuka. Mlango ulikuwa wazi na yeye alikuwa amesimama barazani, hatua tatu tu kutoka kizingitini, amenipa mgongo, ananisikia hata nikipumua.

"Mwambie mama amefaulu," nikamwambia yule kijana.

Kijana akaenda mpaka mlangoni. Mama hakugeuka, hakutikisa hata kichwa. Alingoja mpaka alipofikishiwa ujumbe, neno kwa neno, kisha akaitikia.